AP iliyozimika watu wakijaa: kisa cha wati zilizoishia njiani

Kisa hiki kinatoka katika taasisi moja ya mafunzo. Jina lake, mahali ilipo, majina ya watu na aina za vifaa nimeviondoa. Vipimo nimeviacha vilivyo, maana bila vipimo kisa chote hakina maana.

Usuli

Jengo lina ghorofa mbili na akses pointi kumi na moja, yaani vifaa vinavyorusha Wi-Fi, ambavyo kuanzia hapa nitaviita AP kama mafundi tunavyoviita. Hakuna hata moja yenye plagi yake ukutani. Zote zinapata umeme kwa njia ya PoE, yaani kebo ileile inayobeba data ndiyo inayobeba umeme kutoka kwenye swichi, kifaa cha kabatini kinachounganisha kebo zote za mtandao. Swichi yenyewe ina milango 24 ya kuchomekea kebo. Kila mlango unaweza kutoa hadi wati 30 kwa kiwango cha IEEE 802.3at cha mwaka 2009, na bajeti ya milango yote kwa pamoja ni wati 370.

Miezi minne kabla sijaitwa, AP za zamani zilikuwa zimebadilishwa zote. Zile za zamani zilitosheka na kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003, ambacho mwisho wake ni wati 15.4 kwenye mlango wa swichi. Hizi mpya zina redio nyingi zaidi, na karatasi yake ya maelezo inasema zikiwa na kazi nzito zinafika wati 24. Swichi nayo ilibadilishwa ili imudu mzigo huo. Kebo hazikuguswa. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba kebo zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Ilikuwa kweli kabisa, na hapo ndipo tulipoteleza.

AP ya kisa hiki imo katika ukumbi wa kusomea, mwisho kabisa wa korido ya ghorofa ya juu. Nitaiita AP-7.

Malalamiko

Muhula ulipoanza, wanafunzi wakalalamika kwamba Wi-Fi ya ukumbini inapotea. Si kwamba ni dhaifu, inapotea: jina la mtandao linatoweka kwenye simu, baada ya dakika tatu au nne linarudi. Msimamizi wa TEHAMA alifungua kontrola, ile programu inayosimamia AP zote, akaona AP-7 imejiwasha upya mara kumi na nne ndani ya wiki moja. AP nyingine kumi hazikuwa na shida yoyote.

Kitu cha kwanza kilichonivutia nilipopewa orodha ile ni saa. Karibu matukio yote yaliangukia kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Jumamosi moja tu, Jumapili hakuna. Nikaomba orodha ya idadi ya vifaa vilivyounganishwa kila dakika tano, nikaiweka kando ya ile ya kwanza. Mara kumi na tatu kati ya kumi na nne, AP-7 ilizimika ikiwa na vifaa zaidi ya arobaini. Tukio la kumi na nne, lile la Jumamosi, lilikuwa jenereta ikijaribiwa na jengo zima lilizimika, kwa hiyo nililifuta. Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Kwa AP-7, penye wengi hapakuwa na kitu.

Wakati mwingine ilizimika mara mbili mfululizo. Sababu yake tuliielewa baadaye: ikiwaka, vifaa vyote arobaini vinarudi kwa mkupuo na kuanza upya vile vilivyokuwa vikipakua, kwa hiyo AP inakutana na mzigo mkubwa kabla haijatulia.

Wiki ya kubahatisha

Sina budi kueleza wiki hii ingawa hainipi sifa. Tulifanya mambo manne.

Kwanza tuliweka programu mpya ya ndani ya AP, kwa sababu mtengenezaji alikuwa ametoa toleo jipya na ni kazi ya dakika kumi. Haikusaidia. Pili, tulibadilisha AP yenyewe, tukaweka ya akiba iliyokuwa bado ndani ya boksi. Siku ya pili saa nne na nusu ikazimika vilevile. Kwa haki yote, hatua hii ilitufundisha kitu: AP haikuwa na kosa. Ila tuliifanya kwa sababu akiba ilikuwepo kabatini, na wala si kwa sababu ushahidi ulituelekeza huko. Tatu, tulihamisha kebo kutoka mlango wa 7 kwenda mlango wa 15 wa swichi. Ikazimika. Nne, tulipima kebo kwa kile kipimo kidogo cha taa nane. Taa ziliwaka moja hadi nane kwa mpangilio, kijana aliyekuwa juu ya ngazi akapaza sauti, "Fundi, kebo iko safi!" Nikaandika kwenye daftari: kebo safi.

Kosa lililonigharimu wiki nzima ni sentensi hiyo. Kipimo cha taa kinajibu swali moja tu: je, uzi namba moja huku ndio uzi namba moja kule? Kinapitisha mkondo mdogo mno, wa kuwasha taa. Uzi mwembamba kama unywele utawasha taa ileile sawa na uzi mnene.

Wakati wote huo kulikuwa na mahali ambapo jibu lilikuwa limeandikwa: kumbukumbu za swichi. Hatukuzisoma kwa sababu mbili za kipuuzi. Swichi ilikuwa chini ya kitengo kingine na nenosiri halikuwa kwetu. Tena, tulipopewa nakala ya kumbukumbu zile, saa ya swichi haikuwa imewekwa, ilianza kuhesabu upya kila ilipowashwa, kwa hiyo mistari ilionyesha tarehe zisizofanana na tukio lolote. Tulizipitisha macho, tukaziweka kando.

Injekta iliyotudanganya

Wiki ya pili niliamua kuitenga swichi. Ukiweka injekta ya PoE kati ya swichi na kebo, umeme unatoka kwenye injekta na swichi inabaki na kazi ya data tu. Kama tatizo likiisha, swichi ndiyo mshitakiwa. Likiendelea, swichi haina hatia. Mantiki hii niliipenda na bado naipenda.

Mwenzangu mmoja alileta injekta ya volti 24 kutoka kwenye mfumo mwingine. Niliikataa. Injekta za aina hiyo hazina mazungumzo na kifaa: zinasukuma volti moja kwa moja kwenye jozi 4-5 na 7-8 (nyuzi nane za kebo zimepangwa kwa jozi nne), kifaa kiwe kinataka au hakitaki. AP yetu isingewaka hata kidogo, kwa sababu kifaa cha 802.3af kinahitaji angalau volti 37 mlangoni kwake. Tukapata nyingine, halisi ya 802.3af, imeandikwa volti 48, ampea 0.32. Zidisha, unapata wati 15.36.

Tuliifunga Jumatatu. Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita, ukumbi ukiwa umejaa. Hadi Ijumaa AP-7 haikuzimika hata mara moja. Niliandika ripoti kwamba mlango wa PoE wa swichi ndio mbovu, nikapendekeza swichi irudishwe kwa aliyeiuza, nikafunga faili.

Msomaji makini ameshaona upuuzi uliopo hapo. AP inayoweza kuhitaji wati 24 inaishije wiki nzima kwa injekta ya wati 15? Swali hilo nilipaswa kujiuliza siku ileile ya Jumatatu. Badala yake niliulizwa na mwalimu wa ukumbi siku tisa baadaye, kwa lugha yake: "Haizimiki tena, lakini imekuwa kama konokono. Mmeifanya nini?"

Hatukuifanya kitu. Ilijifanya yenyewe. Vifaa vya PoE huanza kwa mazungumzo mafupi ya umeme kabla ya data yoyote kupita. Swichi au injekta inatuma volti ndogo kutafuta kinzani cha takriban kilo-ohm 25 ndani ya kifaa. Ikikiona inajua kuna mgeni halali. Kisha inapandisha kidogo hadi kati ya volti 15.5 na 20.5 kuuliza kifaa ni cha daraja gani. Swichi ya 802.3at inaweza kugonga mlango mara mbili katika hatua hiyo, na AP ikisikia hodi mbili inajua mwenyeji wake anaweza kutoa wati 30. Injekta yetu ya 802.3af iligonga mara moja tu. AP-7 ikaelewa kwamba hapa chakula ni kidogo, ikajipunguzia: ikazima nusu ya njia za redio, ikashusha nguvu ya kurusha, ikazima mlango wake wa USB. Kwenye kontrola kulikuwa na alama ndogo ya njano karibu na jina lake. Ukiibonyeza inasema AP inafanya kazi kwa umeme pungufu. Hakuna aliyewahi kuibonyeza, mimi nikiwemo.

Kwa hiyo injekta haikuponya ugonjwa. Ilimpunguzia mgonjwa kazi, dalili zikapotea. Ripoti yangu dhidi ya swichi haikuwa na msingi, na nilirudi kwa msimamizi kuifuta kwa maneno yangu mwenyewe kabla swichi haijafunguliwa skrubu.

Kupima badala ya kubadilisha

Tulirudisha kebo kwenye swichi, mlango wake uleule wa 7, tukaweka saa ya swichi sawa, na nikakaa ukumbini na mita ya PoE, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya kebo na AP na kuonyesha volti, ampea na wati zinazofika kweli. Kwenye kabati la mtandao mwenzangu alisoma wati zinazotoka mlangoni. Tulisoma kwa simu, kwa wakati mmoja.

Saa tatu asubuhi, ukumbi una watu kumi: swichi inatoa wati 20.2, kwangu zinafika 17, volti 44.6. Swichi ilikuwa inatoa volti 53, maana yake zaidi ya volti nane zilikuwa zimepotelea njiani.

Saa nne na robo: zinatoka 24.8, zinafika 20, volti 42.7.

Saa nne na nusu nilimwomba mwalimu awaruhusu wanafunzi waanze kupakua video za somo kwa pamoja. AP hula zaidi inaporusha kuliko inapopokea, na kupakua maana yake ni AP kurusha. Zilitoka 28.3, zikafika 22, volti 41.3. Kabla hatujasoma tena, mita ikazimika mkononi. Sekunde hiyohiyo swichi iliandika, safari hii kwa saa sahihi: mlango 7, mzigo umezidi, umeme umekatwa. Sekunde chache baadaye ikaurudisha yenyewe, ndiyo maana kwa mtazamaji wa kontrola ilionekana kama AP imejiwasha upya.

Ile mistari ya zamani tuliyoiweka kando ilikuwa na maneno hayohayo, mara kumi na tatu.

Hesabu yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu fundi akielewa sehemu hii atajua la kupima kabla hajapanda ngazi.

AP haiombi volti, inaomba wati. Ndani yake kuna saketi inayogeuza volti za PoE kuwa volti ndogo za vipuri vyake, na saketi hiyo ikiona volti zimeshuka inavuta mkondo mkubwa zaidi ili kufidia. Lakini mkondo mkubwa unapoteza volti nyingi zaidi ndani ya kebo, volti zinashuka tena, mkondo unapanda tena. Kwenye kebo nzuri mchezo huu unatulia mapema. Kwenye kebo yenye ukinzani mkubwa unatulia kwa shida, na ukiongeza mzigo kidogo swichi inajikuta inatoa wati nyingi ambazo hazifiki kokote, zinapasha waya joto.

Kiwango cha 802.3at kimekadiria haya yote. Kinaruhusu ukinzani wa njia nzima, kwenda na kurudi, usiozidi ohm 12.5, na mkondo wa ampea 0.6. Piga hesabu: 0.6 mara 0.6 mara 12.5 ni wati 4.5. Ndiyo maana swichi inatoa 30 na kifaa kimeahidiwa 25.5 tu. Tofauti ile haikutoka hewani, ni kodi ya kebo.

Sisi tulikuwa tunalipa wati 6.3 mzigo ukiwa 22 tu. Ukigawanya volti zilizopotea kwa mkondo uliopita, unapata ukinzani wa njia: takriban ohm 22. Hiyo ni karibu mara mbili ya kikomo. Na ukitumia ohm 22 kukadiria, AP ikifika wati 23, ambazo ni haki yake kabisa, mlango wa swichi utalazimika kutoa wati 30 na kitu. Hapo swichi inakata, na ina haki ya kukata. AP haikukosea, swichi haikukosea.

Ukifanya hesabu ileile kwa injekta, AP ikiwa imejibana kwenye wati 12, unapata mkondo usiofika ampea 0.3 na karibu volti 42 mlangoni kwa AP. Ni salama. Ndiyo siri ya ile wiki ya amani.

Tulichokikuta darini

Tulichomoa kebo pande zote mbili, tukaunganisha jozi upande wa AP kwa plagi tuliyoitengeneza, na kupima kwa multimita upande wa kabati. Jozi moja, kwenda na kurudi, ilisoma ohm 43. Kikomo cha jozi kwa kebo ya mita 100 ni 25. Umeme wa PoE ya 802.3at hupita kwa jozi mbili, nyuzi mbili zikienda na mbili zikirudi, kwa hiyo unagawanya kwa mbili: 21.5. Ililingana na ile hesabu ya mita kiasi cha kunifurahisha kupita kiasi.

Urefu wa kebo ulikuwa mita 82. Kila mtu alijua hivyo na kila mtu alisema haijafika mia, basi iko sawa. Kebo ya shaba ya kawaida, yenye unene wa 24 AWG (kipimo cha unene wa waya ambacho namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi), ina takriban ohm 8.4 kwa kila mita 100 za uzi mmoja. Mita 82 zingetoa kama ohm 14 kwa jozi. Zilizobaki zilikuwa zinatoka wapi?

Tuliifuata kebo darini. Mita 62 za kwanza zilikuwa kebo nzuri, nene, imefungwa vizuri. Juu ya mahali ambapo AP ya zamani ilikuwa imefungwa koridoni, kebo hiyo iliingia kwenye kiungio cha plastiki, na upande wa pili ikatoka kebo bapa, nyembamba kama utepe, ya mita 20. Ukumbi ulipopanuliwa miaka ya nyuma AP ilisogezwa, na aliyeisogeza alitumia alichokuwa nacho. Kebo bapa ile haikuwa na maandishi yoyote ya unene. Nilikwangua uzi mmoja kwa kisu: juu ulikuwa mwekundu, chini mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Tulipoipima peke yake, jozi moja ilisoma ohm 32. Kwa hiyo mita 20 zilikuwa na ukinzani mara tatu ya mita 62 zilizotangulia.

Alumini ina ukinzani wa takriban mara moja na nusu na kidogo ukilinganisha na shaba ya unene uleule, lakini aina ya madini haikuwa kosa kubwa hapa. Unene ndio uliotuua. Nyuzi za kebo bapa kama ile huwa karibu na 32 AWG, na uzi wa 32 una ukinzani zaidi ya mara sita ya uzi wa 24.

AP ya zamani, ikila wati tisa au kumi, iliishi na utepe ule kwa miaka bila kulalamika.

Njia tulizozipima, na tuliyoichukua

Kurudisha injekta kwa muda lilikuwa jambo la kwanza, na tulilifanya siku hiyohiyo. Wi-Fi ya polepole ni bora kuliko inayopotea katikati ya mtihani, na safari hii tuliwaambia watumiaji waziwazi kwamba ni ya polepole na kwa nini. Tofauti kati ya wiki ile ya kwanza ya injekta na hii ya pili ni tangazo moja mlangoni, na malalamiko yalikuwa sifuri.

Kwa suluhisho la kudumu kulikuwa na mapendekezo matatu. Moja lilikuwa kununua injekta yenye nguvu zaidi ya 802.3bt, kiwango cha mwaka 2018, inayotumia jozi zote nne. Kimahesabu ingefanya kazi: jozi nne zinapunguza ukinzani kwa nusu. Nililipinga hata hivyo. Tungekuwa tunaacha nyuzi nyembamba za alumini, ndani ya dari isiyo na hewa, na kuzipa chanzo chenye uwezo wa kusukuma wati 60. Sitaki kitu hicho juu ya vichwa vya watu wanaosoma.

La pili lilikuwa kuirudisha AP koridoni, kwenye mwisho wa kebo nene. Bure na haraka, lakini kuna kuta mbili kati ya korido na ukumbi, na ndiyo sababu ilisogezwa tangu mwanzo.

La tatu, tulilolichukua, ni kuvuta kebo mpya ya shaba tupu ya 24 AWG kutoka kabatini hadi ukumbini, kipande kimoja, bila kiungio. Kulikuwa na hoja ya kubadilisha zile mita 20 tu na kuacha zile 62. Ingetosha kwa umeme. Niliikataa kwa sababu ya kile kiungio: kila mahali unapounganisha ni mahali pa kulegea, na fundi atakayekuja baada yangu asingejua kipo. Kazi ilichukua watu wawili siku moja na nusu. Labda nilikuwa mkaidi. Mwenzangu bado anasema kipande kifupi kingetosha na tungeenda nyumbani mapema.

Matokeo

Kebo mpya ilisoma ohm 14 kwa jozi, yaani 7 kwa njia ya umeme. Tulirudia jaribio la video na ukumbi uliojaa. AP ilipofika wati 23, swichi ilitoa 24.5, na volti zilizofika zilikuwa karibu 50. Wati sita zilizokuwa zinapasha dari joto zikawa moja na nusu. Alama ya njano ilitoweka, redio zote zikawaka, na kwa siku sitini zilizofuata AP-7 ilizimika mara moja tu, siku jenereta ilipojaribiwa tena.

Uchambuzi

Kilichotusaidia zaidi, na kilikuwa cha bei rahisi kuliko vyote, ni kuweka saa za kuzimika kando ya idadi ya watumiaji. Kifaa kinachozimika ovyo kinaweza kuwa na ugonjwa wowote. Kinachozimika kikiwa na kazi kinasema jambo mahususi kuhusu umeme au joto. Tulikuwa na ushahidi huo siku ya kwanza, kisha tukaanza kubadilisha vipuri kana kwamba hatuna.

Kubadilisha vipuri si dhambi. Tatizo ni kwamba kila badiliko linakupa jibu la ndiyo au hapana, na jibu la ndiyo linaweza kuwa la uongo, kama lilivyokuwa kwa injekta. Mita inakupa namba. Namba 41.3 haiwezi kusomwa kwa njia mbili. Kama ningekuwa na namba hiyo Jumatatu ya kwanza, kazi yote ingekuwa ya siku mbili.

Jaribio la injekta lilikuwa sahihi kwa mantiki na bovu kwa utekelezaji. Ili kuitenga swichi nilipaswa kubadilisha chanzo tu na kuacha mzigo ulivyo. Kwa kuweka injekta ya kiwango cha chini nilibadilisha vyote viwili bila kujua: chanzo, na kiasi ambacho AP inakubali kula. Ningetumia injekta ya wati 30, AP-7 ingezimika ndani ya saa moja na swichi ingesafishwa jina papo hapo.

Tulishindwa pia katika mambo ya kiofisi, na hayo hayapimwi kwa mita. Saa ya swichi ilipotea kwa sababu kuiweka hakukuwa jukumu la kitengo chochote. Nenosiri lilichukua siku nne kupatikana. Kuhamishwa kwa AP miaka ile hakukuandikwa popote. Mchoro wa mtandao ulionyesha kebo moja iliyonyooka. Na orodha ya kukagua iliyotumika wakati wa kubadilisha AP ilikuwa na kipengele cha bajeti ya jumla ya swichi, wati 370, ambayo ilitosha na kubaki. Haikuwa na kipengele cha kebo. Umeme unaweza kuwa tele kabatini na ukawa haba darini.

Kuhusu kipimo cha taa nane, sikitupi. Bado kiko mfukoni. Ila sasa kwenye fomu yetu kuna mistari miwili tofauti, mmoja wa mpangilio wa nyuzi na mmoja wa ukinzani, na wa pili haujazwi bila namba.

Baada ya kisa hiki tulipita dari nzima. Tulikuta tepe nyingine mbili za aina ileile. Moja ilikuwa kwenye AP ya mapokezi, tukaibadilisha. Nyingine inalisha kamera ya ngazi inayokula wati 6, na kwa wati 6 utepe ule unatosha bila shida, kwa hiyo tuliuacha. Tumefunga lebo kwenye ncha zote mbili, kabatini na darini: usiongeze mzigo kwenye kebo hii, ibadilishe kwanza.